Nukta Zake, Nukta Zangu

Chumba chetu siku hizi kinawekwa sukari. Nilikiona wiki iliyopita, siku ya hitma ya Abdillahi, nilipopandishwa kwa ngazi za nyuma kwa sababu wanawake walikuwa wamejaa sebuleni na mama yake, Bi Rukia, akasema mimi si mgeni, nipite juu nikapumzike. Magunia yamepangwa hadi karibu na dari, pale ilipokuwa meza yangu na pale ilipokuwa meza yake, na katikati wameacha kinjia cha mtu mmoja kupita kwa ubavu. Pangaboi ni lile lile, na bado linalia likizunguka. Nilisimama kwenye kinjia kile na ushungi wangu mkononi, na kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huzuni. Kilikuwa wasiwasi, ule ule wa mwaka ule, kana kwamba kuna mtu ananisubiri nimjibu swali na jibu ninalo ila sina ruhusa ya kulitoa. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu zamani. Nikipigiwa simu na namba nisiyoijua, kabla sijapokea nimeshazika nusu ya ukoo. Lakini wasiwasi wa mwaka ule ulikuwa na mahali pake, na mahali penyewe ni chumba hiki, juu ya duka la jumla la Mzee Salim, baba yake Abdillahi, Kinondoni.

Mwaka ule mimi na Abdillahi tulikuwa wanafunzi wa shahada ya pili ya fizikia. Tulikuwa wawili tu, chini ya Dokta Haule, mtu wa Songea, mpole kwa sauti na mkali kwa kila kitu kingine. Yeye ndiye aliyetutafutia kipembe kwenye kundi kubwa la wanasayansi ambao mtambo wao uko Ulaya, chini ya ardhi. Mtambo huo hatukuwahi kuuona kwa macho. Kilichotufikia sisi ni data, kupitia intaneti, taratibu kama maji ya bomba mwezi wa kiangazi. Chuoni kompyuta zilikuwepo, ila umeme ulikuwa wa mgao, na programu iliyokatika katikati ya kazi ilibidi ianzwe upya. Nyumbani kwa kina Abdillahi kulikuwa na jenereta, kwa ajili ya mafriji ya siagi na maziwa ya dukani. Dokta Haule alikuja kukikagua kile chumba cha juu, akanywa kahawa ya Bi Rukia, akatazama dirisha linalotazama uchochoro, akatazama soketi, kisha akasema, "Kama siagi haiyeyuki hapa, na sisi tutasalimika." Ndivyo tulivyohamia. Tuliweka meza mbili kwenye kuta mbili zinazotazamana, tukawa tunapeana migongo, kwa hiyo mwaka mzima nilimsikia Abdillahi zaidi kuliko nilivyomwona. Nilijua kukohoa kwake kwa kutafuta muda, na miluzi yake ya taarabu pale mambo yanapomwendea vizuri, na jinsi alivyokuwa akigonga meza kwa kucha pale yanapokwama.

Kazi yenyewe nimewaeleza watu wengi, na wa kwanza kabisa alikuwa Bi Rukia, aliyekuwa ameketi jikoni akichagua mchele. Unachukua viini viwili vya atomu za risasi, ile metali nzito, unavikimbiza kuelekeana kwa mwendo unaokaribia wa mwanga, halafu unaviacha vigongane. Kwa muda mfupi mno, mfupi hata kusema kufumba na kufumbua ni kuurefusha, vile vilivyomo ndani ya viini vinayeyuka na kuwa mchanganyiko wa moto kuliko katikati ya jua. Wataalamu walitegemea mchanganyiko ule uwe kama mvuke, kila chembe ishike njia yake. Haikuwa hivyo. Ulitiririka. Ulikwenda pamoja kama kimiminika, tena kimiminika chenye mnato mdogo kuliko vyote, kwa kipimo tunachotumia sisi. Hilo tunalijua kwa umbo. Viini vikigongana kwa kupishana kidogo, ile sehemu inayokutana huwa na umbo la lozi, na kimiminika husukuma kwa nguvu zaidi kuelekea upande mwembamba wa lozi, hivyo chembe zinazotoka huegemea upande huo. Mvuke usingejali kama ni lozi au ni duara. "Kwa hiyo nyie mnatazama zimeegemea wapi," Bi Rukia alisema bila kuinua macho kwenye ungo. Ndiyo, Mama. "Yarabi. Na wazee wenu wanajua?"

Mpaka hapo hatukuwa na jipya, kwa maana migongano mikubwa ilikuwa imeshachambuliwa na watu wenye kompyuta nyingi kuliko nyumba za Kinondoni. Kilichomtia Abdillahi wazimu kilikuwa migongano midogo, ile ambayo kiini cha risasi kinagongwa na protoni moja tu. Pale zinatoka chembe chache, na wengi waliamini kwamba tone linalotokea, kama linatokea, ni dogo mno kuweza kutiririka. Data zake tulipewa kwa ajili ya kulinganishia, kama mwenye duka anavyotazama mizani ikiwa tupu kabla ya kupima. Asubuhi moja miluzi ilikatika ghafla nyuma yangu. "Somoe," akasema. "Somoe, zinaegemea." Niliinuka, lakini kabla sijafika mezani kwake alikuwa amevuta kanga ya mama yake iliyotundikwa kwenye kiti na kuifunika skrini yote, mikono imetandazwa juu yake kama mtu anayezuia kuku. "Usije! Usije, tafadhali. Wewe ndo wa pili."

Nililijua jambo hilo. Kwenye kazi yetu mtu akiona kitu kikubwa, haaminiwi peke yake. Mtu wa pili huanza upya, kutoka kwenye data ghafi, kwa programu anayoiandika mwenyewe, bila kuona wala kusikia wa kwanza amepata nini, na mwishoni ndipo michoro yao miwili huwekwa pamoja. Katika makundi makubwa huyo wa pili huwa katika jiji jingine, pengine hawajuani hata sura. Kundi letu la Dar es Salaam lilikuwa na watu wawili, kwa hiyo wa pili aliketi nyuma ya kiti cha wa kwanza, akila wali wa mama yake. Dokta Haule alipopigiwa simu hakushangilia. "Sawa," alisema. "Kuanzia leo mnaongea kila kitu, siasa, mpira, mvua. Hili hamliongei. Mkikubaliana kwa kuambiana, mtakuwa mmefanya kazi ya mtu mmoja mara mbili." Bi Rukia tukamwomba kanga ya pili. Tangu siku ile kila mmoja alipoinuka kwenda kunywa maji alifunika skrini yake kwanza, na aliyepita alipita akitazama ukuta.

Watu hudhani kukaa kimya ni kazi rahisi. Jaribu kukaa kimya juu ya kitu kimoja tu, na mtu unayekaa naye kutwa, ambaye kitu hicho hicho ndicho kinachomkosesha raha. Maneno mengine yote yakawa yanapita karibu nacho. Akiniuliza "vipi, unaendeleaje?" nilikuwa nahofia kujibu "vizuri" asije akaelewa, na nikisema "hivyo hivyo" nilihofia vilevile. Ikafika mahali tukaacha kuulizana hali. Tukawa tunasalimiana asubuhi, tunafunua kanga zetu, tunapeana migongo. Mchana Bi Rukia alipanda na sahani zetu, maandazi au sambusa, siku nyingine wali na mchuzi wa pweza, akatukuta kila mtu anatazama kwake, na akashuka akiguna. Sauti za duka zilipanda kwa dirishani, mtu anauliza bei ya ngano, mtu anatania kuhusu mashabiki wa timu fulani, na mle ndani pangaboi linalia na sisi hatusemi kitu. Naomba nieleweke: sikuwahi kukosa furaha mle chumbani. Nilikuwa na furaha na hofu kwa wakati mmoja, na sikuwa najua kuzitenganisha.

Hofu ilipata jina siku niliyoshuka kurudisha birika. Ngazi za nyuma zinapita ubavuni mwa stoo ya duka, na kizingiti chake hakina mlango, kina pazia tu. Mzee Salim na Bi Rukia walikuwa ndani wakihesabu katoni. Nilisikia jina la Abdillahi nikasimama, na nikishasimama sikuweza tena kushuka bila kusikika.

"Mie simkatazi," Mzee Salim alikuwa anasema. "Hao wazungu wake wamesema jambo lake likisimama watampa nafasi akasome udaktari wa fizikia kwao. Haya. Likiwa la kweli, na aende, nitamsindikiza mwenyewe. Likiwa si la kweli, ashuke dukani. Mgongo wangu huu haujui tena magunia."

"Na atajuaje kama la kweli?" Bi Rukia akauliza.

"Si yule msichana wa kusini aliye naye huko juu ndo anamkagua."

Katoni ikaburuzwa. "Basi Mungu ampe jicho jema," Bi Rukia akasema.

Nilipanda tena na birika langu tupu. Abdillahi aliniuliza bila kugeuka mbona nimerudi nalo, nikasema nimesahau kulipeleka, akacheka, akasema mie Somoe siku hizi nimezeeka. Nilikaa nikaitazama kanga iliyofunika skrini yangu, na siku ile sikuifunua kwa muda mrefu. Mpaka asubuhi ile nilikuwa nadhani napima matone. Kumbe nilikuwa nampima mtu, na mtu mwenyewe hakuniambia. Nilijiuliza kwa nini hakuniambia habari ya baba yake, nikakasirika kidogo, halafu nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: hakutaka nimwonee huruma. Hiyo ilikuwa nusu tu ya habari, na nusu ya pili nimeipata wiki iliyopita.

Nukta zangu zilitoka baada ya Ramadhani. Kila nukta kwenye mchoro inasema chembe za kasi fulani zimeegemea kiasi gani. Juu ni kuegemea sana, na mstari wa chini ni sifuri, yaani hakuna kitu, mvuke mtupu. Zangu zilikuwa chini. Hazikuwa kwenye sifuri, zilielea juu yake kidogo, lakini mistari ya shaka, ile tunayoichora juu na chini ya kila nukta kuonyesha tunaweza kuwa tumekosea kwa kiasi gani, ilikuwa mirefu kiasi cha kuigusa sifuri. Mtu aliyeona alichokiona Abdillahi asubuhi ile, akaita jina langu kwa sauti ile, hakuwa ameona nukta kama hizi. Zake zilikuwa juu, hilo nilikuwa na uhakika nalo bila kuziona. Niliijua miluzi yake. Nilimwona anavyozila sambusa. Mtu mwenye nukta za chini hali sambusa kwa raha ile.

Nikaanza kutafuta kosa langu. Natumia neno "langu" kwa makusudi, kwa sababu nililitafuta kwa hamu ambayo mtafiti hatakiwi kuwa nayo. Nilitaka liwepo. Nilirudia kuisoma programu yangu mstari kwa mstari, nilibadilisha namna ya kuchagua chembe, nilitupa siku ambazo sehemu ya mtambo ilikuwa mbovu kisha nikazirudisha, na kila mara nukta zilirudi pale pale, chini, zimetulia, hazina habari na mimi. Nilikuwa napanda ngazi asubuhi nikimwomba Mungu nimekosea. Mchana nilikuwa nakula chakula cha watu ambao huenda ninamrudisha mtoto wao dukani, na sahani nilikuwa naibakiza nusu. Nilikonda. Bi Rukia aliliona, na kwa kuwa aliona pia kwamba hatuongei, alijumlisha hesabu zake mwenyewe akapata jibu lake: tumegombana.

Dawa yake ilikuwa sinia. Ijumaa moja, badala ya sahani mbili, alipanda na sinia moja kubwa ya pilau, kachumbari pembeni, akaiweka sakafuni juu ya mkeka katikati ya meza zetu. "Leo mtakula hapa," akasema. "Watu hawawezi kununiana mikono yao imo kwenye sinia moja. Mie nimelea, najua." Tuliketi. Abdillahi alinitazama, na ile ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi tunatazamana uso kwa uso. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala. Sikutegemea hilo. Nilidhani mimi peke yangu ndiye ninayeumwa.

"Mama anadhani tumegombana," akasema mama yake aliposhuka.

"Najua."

"Tumwambie?"

"Tumwambie nini? Kwamba tumekatazwa kuambiana?"

Akacheka, punje ikamwingia kooni, nikampigapiga mgongoni. Akasogeza kipande cha nyama upande wangu wa sinia, kama wafanyavyo watu kwa mgeni. "Somoe," akasema. Nikangoja. Alikuwa anachora kwa kidole kwenye ukingo wa sinia, pasipo na wali. "Dokta akishakuja, yakishaisha haya, nina neno nataka kukwambia."

"La nukta?"

"La nukta wapi. Kula bwana."

Nilikula. Nilidhani anataka kuniambia habari ya baba yake na duka, ambayo nilikuwa naijua tayari, na nikaogopa kwa sababu nilijua nukta zangu zitakuwa zimeshamwambia kabla hajafungua mdomo. Ningeweza kumwambia siku ile. Tulikuwa wawili, mlango umerudishwa, na neno moja tu lingetosha, "zangu ziko chini", naye angeenda kukagua kazi yake wiki nzima kabla ya mtu mwingine kuiona. Sikusema. Sijutii, na watu wanaodhani ningepaswa kujuta hawajui kazi yetu. Lakini pilau ile naikumbuka mpaka leo kwa kuwa haikuwa na ladha yoyote.

Dokta Haule alikuja Jumamosi ya wiki iliyofuata, asubuhi, amevaa suti ya kaki iliyopigwa pasi hadi kwenye mifuko. Mzee Salim alipandisha soda kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akabaki amesimama karibu na mlango akijifanya anaitazama soketi. Kila mmoja wetu alimkabidhi Dokta faili lake. Akaketi kwenye kiti cha Abdillahi, akayaweka yote mawili kwenye mchoro mmoja, nukta za Abdillahi kwa rangi nyekundu, zangu kwa bluu. Nyekundu zilipanda kama ngazi. Bluu zilibaki chini. Nilisikia Abdillahi akivuta pumzi na hakuitoa. Dokta Haule alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kule nyuma Mzee Salim, asiyejua nyekundu ni ya nani, aliuliza taratibu, "Sasa hapo Dokta, ni heri au shari?"

"Mzee, bado," Dokta akajibu. "Hawajakubaliana. Mmoja kakosea."

Nilikuwa tayari kusema ni mimi. Hilo nalisema kwa kuwa ni kweli: mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini Abdillahi alikuwa amesogea mpaka kwenye skrini, ameinama, uso karibu na zile nukta zake, anagonga meza kwa kucha. Kisha akaacha kugonga. "Sijaitoa," akasema.

"Nini?"

"Chembe yenyewe, Dokta. Sijaitoa kwenye hesabu."

Ni kosa ambalo nje ya kazi yetu mtu hawezi kulifanya. Katika kila mgongano kwanza unaziuliza chembe zote kwa pamoja zimeegemea wapi, halafu unaichukua moja moja na kutazama inakubaliana kiasi gani na wenzake. Sharti lake ni kwamba ile unayoiuliza uitoe kwanza kwenye wale wenzake, la sivyo itakubaliana na nafsi yake. Utakuwa kama mtu aliyeuliza mtaa mzima kama wanampenda, akajihesabu na yeye. Kuitoa kila chembe kunaichukulia kompyuta muda, na zile siku ambazo Mzee Salim aliiacha jenereta kwa ajili ya mafriji peke yake, na betri yetu inaelekea kuisha, Abdillahi alikuwa ameweka njia ya mkato inayoruka hatua hiyo, ili aone tu kama programu inakwenda. Aliijaribu kwenye migongano mikubwa. Kule chembe ni maelfu, moja ikijikubali yenyewe haionekani, na mchoro ukatoka sawasawa na ule wa wakubwa. Akaamini. Akahamia kwenye migongano midogo na njia ya mkato ikiwa bado iko wazi, na kule, chembe zikiwa chache, kila moja ilijipigia kura na kura yake ikaonekana.

Aliiondoa njia ile ya mkato mbele yetu, akaiendesha programu upya. Tulikunywa soda tukisubiri. Zile nyekundu zilitokea tena moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuja kukaa juu ya bluu yake. Dokta Haule aligeuka, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu. "Mmekubaliana," akasema. "Na haziko kwenye sifuri. Kitu kipo, vijana. Kidogo, lakini kipo." Nilitaka kupiga vigelegele na nilitaka kulia. Kwa maana niliiona mistari ya shaka, na Abdillahi aliiona, na wote tulijua watakachosema wale wa Ulaya. Na ndivyo walivyosema: kazi nzuri, subirini data zaidi. Nafasi ya udaktari nayo ikasubiri. Mgongo wa Mzee Salim haukuweza kusubiri.

Siku ile ile, Dokta aliposhuka, Abdillahi aliitoa kanga kwenye skrini yake, akaikunja mara nne, akaja akachukua na yangu. "Umefanya kazi nzuri, Somoe," akasema. Ningependa anitukane. Nilimkumbusha kwamba alikuwa na neno la kuniambia. Akazitazama kanga mkononi. "Limepita," akasema, akazishusha kwa mama yake. Mwezi uliofuata alikuwa nyuma ya kaunta.

Data zaidi zilikuja, zetu na za wengine. Nukta hazikuhama. Mistari ya shaka ndiyo iliyofupika mwaka hadi mwaka, ikaiacha sifuri mbali chini, na leo nawafundisha vijana wa chuo kwamba hata tone dogo namna ile huonyesha dalili za kutiririka, na wananitazama kama mtu anayewaambia maji yanalowesha. Wanaobishana siku hizi wanabishania sababu, wala hakuna anayepinga kuegemea kwenyewe. Nafasi ile niliipata mimi, nikaenda, nikarudi. Jina la Abdillahi liliingia kwenye makala, la kwanza, kabla ya langu, hilo nilihakikisha. Nilipomtumia alinijibu kwa ujumbe wa sauti, na nyuma yake watu wanashusha mzigo: "Somoe, mie niko kwenye unga hapa. Lakini nimeona. Zinaegemea, eeh?" Akacheka mpaka ujumbe ukakatika. Alioa, nilikwenda harusini nikala sana. Kila nilipopita Kinondoni nilisimama dukani, tukasimama kaunta ikiwa katikati yetu, tukaongea kila kitu, siasa, mpira, mvua. Moyo wake ulisimama mchana mmoja akiwa anampimia mteja mchele.

Basi siku ya hitma nilikuwa nimesimama kati ya magunia pale Bi Rukia alipopanda na kisahani cha halua na kikombe cha kahawa. Amezeeka, anapanda kidato kimoja kwa miguu miwili, lakini nilipotaka kumshika mkono alikataa. Alikaa juu ya gunia la chini, akapangusa uso kwa ncha ya mtandio.

"Somoe."

"Abee, Mama."

"Nataka kukuuliza kitu, na usinifiche, mie nishazeeka na mwenyewe keshaondoka. Ule mwaka mliokaa hapa. Mligombania nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza polepole, kama zamani jikoni: kwamba hatukugombana, kwamba kazi ile ilitaka wawili wasioambiana, kwamba tungeongea hakuna ambaye angetuamini. Alisikiliza na kichwa kimeinama.

"Mie nilidhani ulimkataa," akasema.

"Nimkatae lini, Mama? Hakuniuliza kitu."

"Najua hakukuuliza. Mie ndo nilimwambia, Abdillahi, huyu binti unamtaka, naona, nipe ruhusa nitume watu kwao, posa iende mapema kabla hajachukuliwa. Siku ile ya sinia, asubuhi yake, nilimwambia tena. Akanambia, 'Mama, wacha kwanza. Nikimposa sasa hivi, hatoweza tena kunambia nimekosea.'" Akainua macho. "Mie sikumwelewa. Kukosea nini? Halafu yule Dokta akaja akaenda zake, nikamwambia haya, mahesabu yamekwisha, niitume? Akasema, 'Sasa hivi ataona namtaka anifidie nafasi niliyokosa, Mama. Wacha.' Akashuka dukani. Nimeyabeba hayo miaka yote, Somoe. Niambie wewe uliyesoma. Mwanangu alikosea?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Nilitaka kumwambia kwamba posa ingekuja Ijumaa ile, na mimi ningeipokea kwa mikono miwili, na nukta zangu zingebaki pale pale kwa kuwa nukta hazijui posa. Nilifungua mdomo nikiwa nimeshalipanga neno. Lakini niliitazama ile sehemu ilipokuwa meza yangu, nikajiona nilivyokuwa nikiitafuta kasoro kwenye kazi yangu kwa hamu, nikimwomba Mungu iwepo, na pale nilikuwa si mchumba wa mtu. Ningekuwa mchumba, baada ya yale niliyoyasikia ngazini, ningeipata. Ningeitafuta mpaka niipate, na ningeamini kabisa kwamba ni ya kweli.

Bi Rukia alikuwa bado ananingoja.

"Hakukosea, Mama," nikamwambia. "Kwenye hilo hakukosea."

Akatikisa kichwa taratibu kwa kukubali, akanisogezea kisahani cha halua, akaniambia nile, nimekonda.